Mshono wa Nyuma

Gitega, 4 Februari 1991

Kwa Matata, fundi wa suruali, baraza la mafundi, soko la Muyinga

Assalam aleykum.

Usitafute miwani, ni mi, Mustafa. Miaka ishirini na minane umelala vizuri bila kusoma mwandiko wangu, na hiyo ndiyo inaniuma.

Naandika kwa sababu ya dawa. Mama Pétronille, muganga wa dispanseri hapa mtaani, alinifunga ule mpira wake mkononi, akapuliza, akaangalia mshale, akaniangalia mi, akaangalia mshale tena. Tansiyo ya damu kumi na tisa kwa kumi na moja. Akauliza, "Muzee, we unabeba nini kichwani?" Nikamwambia kofia. Hakucheka. Amenipa mazoea ya kila siku, ameyaandika kwenye karatasi kama vile mi ni mwanafunzi: asubuhi nitembee njia ya Makebuko na kurudi, nipunguze chumvi, niachane na ndagala, visamaki vya chumvi, nilale mapema, nivute pumzi kwa pua polepole nikihesabu mpaka nne. Na la mwisho, ambalo ni lako: kitu kinachokula moyo nikiandike, halafu karatasi niichome au niipeleke kwa mwenyewe. Mi sipendi kuchoma karatasi nzuri.

Basi pokea. Tarehe mosi Julai 1962, siku ya Uhuru wa Burundi, Abubakari msimamizi wa soko alitangulia gwaride la wafanyabiashara na suti iliyotoka kwenye meza yetu, yangu na yako. Mbele ya jukwaa kofia yake ikaanguka. Akainama kuiokota. Suruali ikasema praaa, na Muyinga nzima ikauona Uhuru wa Abubakari. Ule mshono wa nyuma ulikuwa umepigwa bandi tu, uzi wa kushikiza kwa mkono, cherehani haikupita. We ndiye uliyepiga bandi. Na kesho yake we ndiye uliyesimama sokoni ukasema, "Mi nilishona koti. Suruali ni ya Mustafa."

Toka hapo jina langu Muyinga ni Bandi. Hakuna aliyeniletea kitambaa tena, hata cha sanda. Nikahamia Gitega. Mwaka wa sabini nilirudi kumzika mama, na pale kaburini, udongo bado uko mkononi, nikasikia nyuma yangu mtu anamnong'oneza mwenzake: "Bandi huyo." Sijakanyaga huko tena.

Nataka kitu kimoja. Siku ya soko usimame kwenye baraza la mafundi, useme kwa kinywa chako: mshono ulikuwa wangu. Ukikataa nitakuandikia kila wiki mpaka mmoja wetu afe, na mi nimeambiwa nikitembea asubuhi nitaishi sana.

Mustafa, mwana wa marehemu Pili

*

Muyinga, 15 Februari 1991

Kwa Bandi, Gitega

Waaleykum salaam.

Barua yako imeletwa na Houssein dereva. Ameikalia njia nzima, imefika kama chapati.

Sha, mi nilifikiri ulishakufa, na nilikuwa nimeshakusamehe! Suruali gani hiyo? Watu waliokuwa pale nusu wamekufa, nusu hawaoni mbali. Abubakari mwenyewe Mungu amrehemu, toka siku ile alivaa kanzu mpaka mwisho wake. Mi nilishona koti. Koti lilipasuka? Halikupasuka. Basi.

Tuache utani kidogo. Toka Mwajuma wangu afariki, mwaka wa pili sasa, sipati usingizi. Moyo unapiga kama cherehani isiyotiwa mafuta. Juzi mteja aliniambia pindo limepinda, nikamrushia mkasi. Ukapita juu ya kichwa chake, ukaingia kwenye gunia la maharagi la mtu mwingine. Binti yangu aliyeolewa Gashoho anasema nitakufa kwa hasira. Hiyo karatasi ya Mama Pétronille, ninakilie. Hapa kwetu muganga ni kijana, ananipa vidonge vyeupe tu na kuniita babu.

Matata

*

Gitega, 22 Februari 1991

Ndugu yangu Matata,

Umeona nilivyokuita? Ndugu. Maana mgonjwa haongelewi vibaya.

Karatasi yenyewe siwezi kuituma, ni ya kwangu, lakini nakuandikia yote kwa uaminifu. Asubuhi, kabla ya chai, panda kile kilima cha nyuma ya soko mpaka juu na ushuke. Mara tatu. Nasema kabla ya chai, lakini chai yenyewe ni bila sukari. Sukari inachemsha damu. Chumvi usiionje, mafuta uyasahau. Majani ya lengalenga ya kuchemsha na maji, hayo kula mpaka uchoke. Ukirudi uchote maji mwenyewe kisimani na ndoo kichwani, pamoja na wanawake, uwasalimie mmoja mmoja kwa jina. Wakikucheka, nawe cheka. Yule mteja wa mkasi mtafute umwombe radhi, halafu umshonee hilo pindo mbele ya watu.

Na dawa yenyewe kubwa ni hii. Kila siku saa sita, jua likiwa kichwani, simama katikati ya soko ambako watu ni wengi, uvae suruali, sio kanzu. Tanua miguu. Inama mpaka vidole vya mkono viguse vidole vya miguu. Mara ishirini. Inama kwa nguvu, Matata, mpaka chini kabisa! Damu ya kichwani inashuka ikichungulia dunia.

Usiruke siku hata moja.

Mustafa

*

Muyinga, 12 Machi 1991

Ndugu yangu Mustafa,

Mungu akulipe. Akulipe tena, na Mama Pétronille wako ingawa ni mtu wa kanisa.

Siku ya kwanza nilikulaani kilimani mpaka pumzi ya kulaani ikaisha. Siku ya nne nikalala toka isha mpaka alfajiri, kama gogo. Kule kisimani wanawake walinicheka kweli. Nami nikacheka, na sasa wananingoja, wananipa habari za mji mzima. Yule wa mkasi nilimwomba radhi, akaleta suruali zingine tatu. Tumbo limepungua, mkanda nimeutoboa tundu jipya. Moyo umetulia, sha, mi mwenyewe nausikiliza nashangaa.

Na huko kuinama! Siku za mwanzo watoto wa soko walinizunguka. Halafu Uthmani wa meza ya pili akainama pamoja nami, kiuno chake kinamuuma. Sasa saa sita mafundi wote wanaacha cherehani, tunainama watu kumi na wanane, na Bisimwa yule Mukongomani wa vitenge anatuhesabia: moja, mbili! Wateja wanasimama kutuangalia.

Unaniambia nivae suruali, nimevaa. Haina wasiwasi. Kazi ya Matata haipasuki, maana toka Uhuru mshono wa nyuma mi naupitisha cherehani mara mbili.

Ramadhani njema inayokuja. We tansiyo yako inasemaje?

Matata

*

Gitega, 19 Machi 1991

Matata,

Tansiyo yangu inasema ishirini na moja. Mama Pétronille amenikataza kufunga, nakunywa maji mchana kama mtoto, na sababu ni we.

Ndiyo, soma vizuri. Ile karatasi niliigeuza. Hakuna muganga aliyeandika kilima mara tatu wala ndoo kichwani. Nilitaka ulie. Nilitaka uiname mbele ya Muyinga nzima mpaka suruali ikupasukie matakoni, na watu wacheke, na jina langu likuhamie. Na we unashiba usingizi, una kikosi na mtu wa kuhesabu! Mi natembea njia ya Makebuko kila asubuhi, nakula chakula kisicho na chumvi mpaka ulimi umesahau kazi, navuta pumzi moja mbili tatu nne, na kwenye nne naiona sura yako.

Lakini umejikata kwa mkasi wako mwenyewe. Umeandika: toka Uhuru mshono wa nyuma naupitisha mara mbili. Mbona toka Uhuru? Mbona sio toka wakati wa Wabelgiji? Kitu gani kilikufundisha siku ile, kama wewe ulishona koti?

Jibu hilo. Usipojibu, siku ya Idi nakuja Muyinga na barua yako mfukoni, naisoma mlangoni mwa msikiti.

Mustafa

*

Muyinga, 26 Machi 1991

Mustafa,

Njoo. Hakuna anayekuzuia. Lakini jua kwamba ukishuka tu kwenye gari mtoto wa kwanza atakayekuona atauliza huyu muzee ni nani, na nitamjibu kwa jina unalolijua.

Toka Uhuru ni namna ya kusema. Mtu anasema toka Uhuru kama anavyosema toka zamani.

Matata

*

Gitega, 2 Aprili 1991

Mzee Matata, shikamoo.

Mimi ni Riziki, binti wa Mzee Mustafa, yule aliyelelewa Kigoma kwa shangazi. Hatujaonana, lakini jina lako limetajwa nyumbani kwetu kuliko la mtu yeyote wa ukoo.

Nakuarifu kwamba Baba amepumzika tangu Jumamosi. Alikuwa anaisoma barua yako ya mwisho kwa mara ya sita, akasimama ili akujibu, akaanguka mlangoni. Mama Pétronille alifika haraka akasema sasa basi, imetosha. Uso wake umetulia, sijawahi kumwona ametulia hivyo. Cherehani yake tumeifunika kwa shuka jeupe, na wateja tumewaambia wasije tena.

Naomba yaliyokuwa kati yenu yaishe. Usiandike tena habari za suruali.

Riziki binti Mustafa

*

Muyinga, 9 Aprili 1991

Binti yangu Riziki,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Barua yako nilisomewa na Uthmani, maana mi nilifika pale "amepumzika" nikamkabidhi karatasi. Wala saa sita siku hiyo hatukuinama. Jana baraza zima tumemsomea baba yako hitima, na baada ya magharibi tukala futari pamoja. Shehe akauliza nani atasema neno juu ya marehemu. Watu wakaniangalia mi, tulijifunza kushona kwenye meza moja.

Nilisimama nikiwa na maneno mengine kabisa, binti yangu. Yakatoka haya. Nikasema: mshono wa Abubakari ulikuwa wangu. Nilipiga bandi jioni, nikajiambia nitaupitisha cherehani asubuhi. Asubuhi nikaenda kwao Mwajuma kumwonyesha viatu vyangu vipya, nikasahau. Mustafa alipiga pasi tu, kwa kuniamini. Na watu walipokuja juu, baba yake Mwajuma alikuwa amesimama pale pale, na mi nilikuwa nimeshapeleka posa. Nikamtupia mwenzangu.

Nikakaa, binti yangu. Halafu muzee Athumani, aliyekuwepo siku ya Uhuru na ambaye mi nilidhani haoni mbali, akasema: "Kumbe tumelizika jina la mtu safi." Leo asubuhi kisimani wanawake hawakunicheka. Hawakunisalimia.

Nimeandika na kutia sahihi, iwekwe pamoja na vitu vyake.

Matata

*

Gitega, 17 Aprili 1991, siku ya pili ya Idi

Kwa Matata,

Idi njema. Nimeisoma barua yako kwa Riziki. Nimeisoma nimeketi, nikaisoma nimelala, nikaisoma jikoni kwa sauti mpaka Riziki akaziba masikio. Hapo "kwa kuniamini" narudia mara mbili.

Mi niko hai, mjinga wee. Nimepumzika! Mama Pétronille aliniamuru nilale wiki mbili chali, nisishone, nisisome barua za washenzi. Riziki ni mtoto wa Kigoma, kwao mtu akipumzika ameweka miguu juu ya mkeka. Sisi huku mtu akipumzika tunachemsha maji ya kumwoshea. Naapa sikumtuma. Ningekuwa na akili ya kubuni kitu kizuri hivyo, ningekufa mwaka wa sitini na tatu.

Tansiyo leo kumi na nne kwa tisa. Mama Pétronille anasema ni mapumziko. Mi najua ni futari yako.

Mustafa, aliyepumzika

*

Muyinga, 24 Aprili 1991

Mustafa,

Watu wananipita. Uthmani amehamisha meza. Bisimwa hahesabu tena. Usingizi umekimbia, lengalenga nimeyamwaga, nimerudia chai ya sukari vijiko vinne. Na we uko hai!

Basi sikia. Yale niliyasema kwa maiti. Kama maiti yuko hai, maneno narudisha. Ijumaa ya wiki ijayo nasimama barazani nasema nilichanganyikiwa kwa huzuni, nikajibebesha kosa la mwenzangu ili marehemu alale vizuri. Watanipenda zaidi kuliko mwanzo.

Matata

*

Gitega, 29 Aprili 1991

Matata,

Ijumaa hiyo nimeshaizuia. Barua hii Houssein anakupa mkononi mapema, na ameapa kusimama mpaka uimalize.

Barua yako ya tarehe tisa iko kwangu, na sahihi yako yenye mkia. Ukisema niko hai, utawaambia pia kwamba uliwasomesha hitima ya mtu anayekunywa chai Gitega, ndani ya Ramadhani, na shehe akiwaongoza. Ukisema ulichanganyikiwa, nakuja na sahihi. Umeshonwa pande zote, mara mbili.

Kwa hiyo huko Muyinga mi nimekufa, na nimekubali. Nitakaa Gitega na kaburi la mama yangu sitaliona tena, ila jina langu huko liko safi, na maiti hana tansiyo. Lakini mtu akifa ana haki zake. Tarehe tisa Mei ni arobaini yangu. Utachinja mbuzi, awe mnene, asiwe yule wa mifupa unayemfikiria sasa hivi. Utaita mafundi wote na wanawake wa kisimani. Na kabla ya dua utasimama tena, useme tena ule mshono ulikuwa wa nani, polepole, kwa waliokuwa hawasikii mara ya kwanza. Halafu mwaka kesho tena.

Usiruke.

Marehemu Mustafa

*

Muyinga, 10 Mei 1991

Kwa marehemu,

Mbuzi alikuwa mnene. Nilitaka kumleta mwembamba makusudi, nikashindwa, sijui kwa nini.

Nilisimama. Mjukuu wa Abubakari alikuwa amekaa mbele yangu, ana masikio ya babu yake. Nikasema mshono ulikuwa wangu. Safari hii sikulia, maana nilijua uko wapi na unakunywa nini. Nikasema na lile ambalo mara ya kwanza nililiacha: kwamba siku ya maziko ya mama yako Pili, aliyenong'ona pale kaburini ni mi. We hukugeuka, ndiyo maana hukujua. Mi nimejua miaka ishirini na moja.

Uthmani amerudisha meza. Ameiburuta mwenyewe mpaka mahali pake. Jana nimelala.

Sasa na mi nina zawadi yako. Baraza limeamua kwamba haitoshi kukusomea Muyinga. Wamekodi gari la Houssein, wanakuja Gitega Jumamosi tarehe kumi na nane, watu kumi na saba na shehe, waombe msamaha juu ya kaburi lako. Mi nimesema magoti yananiuma, sitakuja.

Ukitaka wasikukute hai, tafuta kaburi.

Matata

*

Gitega, 14 Mei 1991

Matata,

Ulikuwa we. Na pale kaburini ulikuwa we.

Nimeisoma asubuhi, nikaondoka njia ya Makebuko bila kuvaa viatu vizuri, nimetembea mpaka jua limekuwa kali, nakutukana kwa sauti mpaka mbuzi wa watu wakakimbia. Narudi, Mama Pétronille anapima: kumi na tatu kwa nane. Akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia nimekula ukweli, hauna chumvi.

Sikia hesabu yangu. Mara ya kwanza ulisema kwa sababu ulidhani nimekufa, na mbele ya maiti kila mtu ni mwema. Mara ya pili ulijua niko hai, ukasema, ukaongeza na ambalo sikuliomba. Maneno hayo huwezi kuyarudisha, shehe na mjukuu wa Abubakari wameyasikia. Kwa hiyo kufa sina haja nako tena.

Waache waje. Riziki ameshaloweka mchele. Jumamosi nitakaa mlangoni nimevaa kanzu nyeupe, na gari likisimama nitawauliza mnamtafuta nani. Shehe akizimia, Mama Pétronille yuko jirani. Watakula, nitawaonyesha barua zako zote kwa utaratibu wa tarehe, na hii ya "tafuta kaburi" itakuwa ya mwisho, baada ya chai. Halafu nitapanda gari lao, tutakuja Muyinga watu kumi na tisa, kwanza kaburini kwa mama, halafu kwako, kukuuliza ile nyama ya arobaini ilikuwa ya nani.

Magoti yako yakiuma, kaa. Tutakukuta.

Mustafa, fundi wa suruali, Muyinga